Penseli na Wino

Afisa anayemwandikia hakimu ripoti kabla ya adhabu kutolewa huanza kwa penseli. Wino ameuweka kwa yale atakayoyatetea mahakamani, na haumwagi ovyo. Waliotiwa hatiani humlilia, naye huitikia "ehee" kama mtu anayesikiliza mvua. "Shetani alinipitia tu, mheshimiwa," akasema fundi viatu aliyemvunja jirani mkono. Penseli ikakimbia. "Nimekoma, sirudii tena." Penseli ikakimbia vilevile. "Jana nilifika kwenu," afisa akasema, "nikamkuta mama yako kitandani. Dawa anameza saa ngapi?" "Asubuhi na jioni," fundi akajibu papo hapo. "Ila ile chungu naiponda, nachanganya na asali. Nikimpa hivihivi ananitemea usoni." Afisa akalaza penseli, akafungua kalamu. "Asali kiasi gani?"