Matanga yaliyoletwa na ukurasa wa maelekezo

Leo shangazi ameleta kuni za matanga kwetu, na hakuna aliyekufa.

Natengeneza programu ya kuwaarifu wakulima wa miwa huku Mumias siku ya kuvuna.

Maelekezo ya kampuni kubwa ya teknolojia inayonitumia ujumbe huo yanasema: "Bonyeza Jaribu. Ujumbe wa mfano hautamfikia mtu yeyote."

Nikabonyeza.

Ukawafikia wakulima wote, shangazi akiwemo! "Kuna taarifa muhimu. Tafadhali piga simu." Jina langu chini.

Jamani, huku kwetu ukiambiwa hivyo bila sababu, ni msiba.

Shangazi akaingia analia, kuni kichwani. Kuniona, akazitua chini.

"Wewe uko hai! Sasa nani amekufa?"

Nimerudi kwenye ule ukurasa nikiwa na hasira. Eti chini wanauliza: "Maelekezo haya yamekusaidia?"

Kejeli tupu!

Mngewajibu nini? Mimi nimewaandikia: ndiyo, kuni nimepata.