Mistari Usoni kwa Bi Siti

Sitara hupiga video kwenye shughuli ambazo wanaume hawakaribishwi: kicheni pati, singo, kumtoa mwali. Wanawake wanamwamini, maana wakishavua mabaibui na kuanza kucheza, kamera iko mikononi mwa mwenzao. Shughuli ikiisha hupanda chumbani kwake Mchafukoge, juu ya duka la magodoro, akakaa na kompyuta yake kuhariri.

Jumamosi moja alasiri wakaja wawili kuitazama video ya kicheni pati kabla hajaikabidhi: Bi Tatu, mama wa bi harusi, na Bi Siti, shangazi wa bwana harusi. Sitara akawaamkia, akawapa viti, akawasha.

Mwanzo picha ilikuwa safi. Bi Tatu akaonekana anaingia kwa vigelegele, kang'aa kama sufuria mpya. Alipoingia Bi Siti tu, skrini ikajaa mistari ya kijani toka juu hadi chini, uso wake ukakatika vipande.

"Haya sasa," akasema Bi Siti. "Mama wa bi harusi anang'aa, mimi nimetiwa gerezani. Mmepanga na huyu mtoto?"

"Jamani, Bi Siti! Nani apange?" Bi Tatu alijitetea, ila alikuwa anacheka, na kicheko kikaharibu utetezi wote.

"Shangazi, video haina tatizo. Mashine ndiyo mbovu," akasema Sitara.

"Mbona inanichukia mimi peke yangu?"

Sitara akabadilisha waya. Mistari ipo. Akachomeka skrini ya akiba. Mistari ile ile. Akazima, akawasha upya; mistari ikatokea hata kwenye maandishi ya mwanzo.

"Mnaona? Hapa video sijaifungua, shangazi hayupo, na mistari ipo."

Akafungua ubavu wa kompyuta. Kadi ya picha, ile inayoichora picha na kuipeleka kwenye skrini, ilikuwa ya moto kama pasi. Kifeni chake kilikuwa kimekwama, kimesongwa na vumbi la sponji lililopanda kutoka duka la chini.

"Ikizidiwa na joto ndiyo inachora haya. Imechemka tu wakati shangazi anaingia."

Akasogeza feni ya mezani, akaielekeza kwenye kadi, akaifungua tena video pale pale. Mistari ikapungua, mwishowe ikatoweka kabisa. Bi Siti akaonekana mzima mzima.

"Eeh, hapo sasa!" akashangilia mwenyewe.

Kwenye video akaisogelea meza ya chakula. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akafungua mkoba. Paja la kuku likaingia. Likafuata la pili.

"Hee!" akasema Bi Tatu.

"Mwanangu Sitara," Bi Siti akasema kwa upole ambao hakuwa nao tangu aje, "chumba hiki kina joto. Hebu nigeuzie hiyo feni."

Sitara alijua vizuri anachofanya. Akaigeuza. Punde mistari ikarudi, ikamfunika Bi Siti na mkoba wake.

"Afadhali," akasema Bi Siti, akishusha pumzi.

Bi Tatu akainuka, akaishika feni, akairudisha kwenye kadi. "Hapana, mwenzangu. Mimi nataka nione mpaka mwisho."

Picha ikatakata. Bi Siti alishaondoka mezani. Mahali pake alisimama mwanamke mwingine, anafunga sambusa kwenye leso na kuichomeka chini ya kanga. Alikuwa Bi Tatu.

Mkono wake ulikuwa bado uko juu ya feni. Akaigeuza taratibu, bila kumtazama mtu.

Bi Siti alicheka mpaka akashika ukuta. "Sambusa ngapi, mwenzangu?"

"Zilikuwa za watoto!"

"Na mapaja yalikuwa ya dereva!"

Wakakubaliana kipande kile kikatwe. Walishuka ngazi wameshikana mikono, Bi Siti akiuliza zile sambusa alizipika nani.

Sitara akazima mashine, akasugua vumbi kwa brashi ya rangi. Kifeni kilikuwa kimeshakufa, hivyo akashuka Kariakoo, akapata kingine kwa fundi anayeuza vipuri vya kompyuta kuukuu. Akaicheza video nzima bila mstari hata mmoja, kisha akakata alipoombwa.

Bi harusi alipoipata akapiga simu. "Dada Sitara, video nzuri sana. Ila mbona meza ya chakula haionekani? Mama anasema kamera iliishiwa chaji."

"Iliisha ghafla, mdogo wangu," akasema Sitara. "Tena pabaya."