Nilimchongea Mwalimu kwa Mshahara Nisioujua

Nimekosa. Naanza hapo hapo, maana nikianza kwa maelezo nitajikuta najitetea, na utetezi sina. Mwalimu wa mwanangu alinyimwa maji ya kunywa kwa ajili ya ulimi wangu. Maji, jamani!

Mimi ni mwanamume wa huku Simiyu, mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha darasa la sita. Akili haikuwa mbaya, ila miguu ilikuwa inaniwasha. Nimechunga ng'ombe za watu kule Meatu, nimepakia marobota ya pamba Bariadi, nimeuza mitumba minadani, nimeendesha bodaboda isiyo yangu. Na kila nilipofika nilikuwa na maswali. Mashine hii inaitoaje mbegu kwenye pamba? Bwana mifugo anajuaje kama ng'ombe ana mimba? Nikishazoeana na mtu kidogo, namuuliza: na wewe wanakulipa shilingi ngapi?

Swali hilo ndilo lililoniponza.

Msimu mmoja nilirudi nyumbani kwa mama, kijijini upande wa Migato, mikono mitupu. Mama ndiye anayenilelea binti yangu, nimwite Minza. Alikuwa darasa la saba. Pamba ilikuwa imeliwa na wadudu, na kijiweni tulikuwa tumekaa wanaume wazima tunacheza drafti na kulaumu mbingu.

Hapo ndipo akawa anapita Mwalimu Elia, jina nimelibadilisha. Kijana wa Njombe, serikali ilimleta huku. Shati limepigwa pasi, pikipiki safi, kichwani kofia ngumu. Alikuwa amejifunza salamu zetu. "Mwadila!" anatusalimia kwa lafudhi ya kwao, na wazee wanacheka kwa furaha kama wamepewa zawadi.

"Sisi tunangoja mvua," jirani yetu mmoja alisema siku moja, akimtazama anavyotokomea. "Yule anangoja tarehe."

Wee! Maneno yale yaliniingia kama mwiba wa mgunga. Mvua inyeshe, isinyeshe, wadudu waje, wasije, mwezi ukiisha simu ya ticha inalia na pesa imeingia. Na kazi yenyewe? Kukaa kivulini na kushika chaki! Nilianza kumhesabia kila kitu. Akinunua nyama, nasema mshahara huo. Akicheka, nasema mshahara unamtekenya.

Siku moja nikamfuata anakooshea pikipiki nikamuuliza bila kuzunguka.

"Mwalimu, samahani, hivi nyie mnalipwa shilingi ngapi?"

Akacheka sana. "Kaka, unataka kabla ya makato au baada ya makato?"

"Makato gani tena?"

"Acha tu. Nikikutajia utanionea huruma, halafu nitakosa hata mtu wa kunionea wivu."

Aliongea kwa utani. Mimi nikaondoka nimenuna. Nilijua ananificha kwa sababu ni nyingi! Wakati pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkopo, na nusu ya mshahara ilikuwa inamezwa kabla hajaiona. Hayo niliyajua baadaye.

Lakini nikisema ni pesa tu, nitakuwa sijaungama vizuri.

Kulikuwa na Minza. Mimi nikirudi safarini, huwa namsimulia nilichokiona, naye ananikodolea macho. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yangu kwake, sina nyingine. Sasa jioni moja tunakula ugali, namweleza jinsi jua linavyoizunguka dunia, akaniwekea mkono begani.

"Baba, si hivyo. Mwalimu amesema dunia ndiyo inayozunguka."

Mama akacheka. Mimi nikarudisha tonge kwenye sahani! Tangu siku hiyo kila kitu kikawa "mwalimu amesema." Mwalimu amesema nisome. Mwalimu amesema ninaweza kuwa mwalimu. Nikaona huyu kijana serikali inamlipa ili aninyang'anye mtoto.

Huku kwetu kuna mwano, yaani yowe la kuibiwa ng'ombe. Ukipigwa, kila mwanamume anachukua fimbo na kukimbia kufuata nyayo. Hakuna cha mgonjwa wala msomi. Asiyetoka anaulizwa mbele ya mkutano wa kijiji, na akikosa sababu anatozwa faini. Asipolipa anatengwa.

Mwano ulipigwa mchana, jua kali. Mimi nilikuwa nimetoka kisimani, nikachelewa wenzangu. Nikapita mbio kando ya shule. Siku hizo darasa la saba walikuwa kambini, wanalala pale pale shuleni wakijiandaa na mtihani. Mwalimu mkuu na mwalimu mwingine walikuwa wameenda Lagangabilili kwenye kikao. Na ilisemekana wezi wamekatiza upande ule ule.

Nilimwona Mwalimu Elia kwa macho yangu haya. Alikuwa amewaingiza watoto wote darasani, amefunga mlango, amesimama mbele yake na fimbo. Minza alikuwa anachungulia dirishani.

"Kaka, kimbia!" aliniambia. "Waambie mimi nimebaki na watoto!"

"Sawa!" nikamjibu. Nilimjibu, jamani. Nilisema sawa!

Ng'ombe zilipatikana, wezi wakatoroka. Kesho yake mkutano ukaitwa, na ntemi wa sungusungu, ndiye mkubwa wetu wa ulinzi, akauliza nani hakutoka. Mwalimu akasimama mwenyewe, hakusubiri kutajwa.

"Nilikuwa na watoto wenu kambini," alisema. "Nisingeweza kuwaacha. Kaka yule pale alipita akaniona."

Watu wote wakanigeukia. Ushahidi wa watoto haupokelewi pale. Nilikuwa peke yangu, na neno lilikuwa moja tu: kweli.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nilimtazama na lile shati lake. Nikajiona mimi na kandambili zangu zilizoshonwa kwa waya. Nikasikia utamu, ndugu zangu, utamu kabisa, kwamba leo mtu wa mshahara anangoja mdomo wangu.

"Nilimwona," nikasema. "Amekaa kwenye kiti kivulini, anachezea simu. Labda alikuwa anaangalia kama mshahara umeingia."

Mkutano ulipasuka kwa kicheko! Wengine walijipiga mapaja. Kicheko kile ndicho kilichommaliza, maana watu wakishacheka hivyo hawasikilizi tena.

Mwalimu hakupiga kelele. Alinitazama tu, kama mtu anayesoma maandishi asiyoyaelewa.

Faini ikatajwa: dume la ng'ombe. Mkulima angetozwa mbuzi, ila wakasema huyu ana mshahara. Akawaambia hawezi, wakaguna. Hawezi vipi na simu inalia kila mwezi? Basi akatengwa mpaka alipe.

Kutengwa kwetu si mchezo. Husalimiwi. Dukani huuziwi hata kiberiti. Mashineni mahindi yako hayasagwi. Wanawake waliokuwa wanamuuzia maji waliacha, na kisimani akifika wanainua ndoo zao wanaondoka, na kamba wanaondoka nayo. Alikuwa anapanda pikipiki hadi Lagangabilili kutafuta unga na mafuta ya taa, anarudi na dumu la maji amelifunga nyuma.

Na asubuhi anaingia darasani! Anafundisha watoto wa watu wasiomsalimia. Mimi nilikuwa nachungulia kwa mbali, nikingoja akasirike awachape, nipate cha kusema. Hakunipa.

Siku moja wakati wa mapumziko, Minza alijitwika ndoo ya maji kutoka nyumbani akampelekea. Mchana kweupe, hakujificha. Watu wakaona. Aliyempa maji mtu aliyetengwa naye ana kesi, na mtoto akikosa anatozwa mlezi wake. Walikuja wakachukua mbuzi wa mama.

Mama alingoja mpaka walipoondoka. Kisha akaniita.

"Wewe. Minza anasema mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na fimbo. Wewe ulimwona kweli amekaa?"

"Mayu, mama yangu, yule ni mtoto, anampenda mwalimu wake."

"Sijakuuliza habari za mtoto. Nimekuuliza wewe."

"Alikuwa amekaa," nikasema.

Nilimdanganya mama yangu mzazi, na kamba ya mbuzi wake bado ipo mkononi mwake!

Mwalimu aliposikia bibi wa watu ametozwa kwa ajili yake, alikwenda wilayani. Sijui aliwaambia nini. Kabla mtihani haujafika alikuwa amehamishiwa shule moja upande wa Mwanhuzi. Alifunga godoro kwenye pikipiki akaondoka, na Minza akasimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Mwalimu mkuu akabaki na mwenzake mmoja kwa madarasa yote. Akaomba wazazi wanaojua kusoma wakae na watoto wa kambi. Nikajitokeza! Kazi ya kivulini, nikasema, hii nitaiweza.

Watoto wanne kwenye dawati la wawili. Joto la bati kichwani. Huyu anaumwa tumbo, yule kalamu imekwisha wino, wale nyuma wanapigana. Nikaandika ubaoni hesabu ya kugawanya sehemu kwa sehemu, nikawaambia hii ya pili igeuzwe kisha mzidishe. Mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini tunageuza?"

Mimi, mtu wa maswali! Nikaugeukia ubao, nikaikoleza namba kwa chaki.

"Geuza tu," nikasema.

Minza akainamisha uso kwenye daftari lake. Alikuwa ananionea haya. Uji ulipoiva nilitoka kana kwamba naenda chooni, sikurudi tena.

Mtihani ukafanyika. Matokeo yalipotoka, Minza hakuwa kwenye waliochaguliwa. Hakulia. Alichukua jembe akamfuata bibi yake shamba.

Nikakosa usingizi, nikakosa hamu ya kula. Mwishowe nikapanda gari la mnada kwenda Mwanhuzi, nikaulizia mpaka nikampata. Alikuwa amebeba ndoo mbili, anatoka bombani. Aliponiona akaziweka chini.

Nilimweleza yote. Kwamba niliona, kwamba nilisema sawa, kwamba nilimwonea wivu. Nilitegemea matusi, hata kofi ningepokea.

"Minza amechaguliwa shule gani?" akauliza.

Hilo ndilo neno lake la kwanza! Nilitazama chini. Akaelewa. Alikaa juu ya jiwe.

"Alikuwa ananiuliza maswali mpaka nachoka," alisema baadaye. "Nilidhani amerithi kwako."

Kisha akatoa simu mfukoni, akaifungua kwenye ujumbe wa benki, akaninyooshea.

"Ulitaka kujua. Soma mwenyewe."

Maisha yangu yote sijawahi kukataa kujua kitu. Siku ile niligeuza uso. Niliogopa. Pesa ikiwa nyingi, sitaweza kusema inazidi kazi niliyoikimbia kabla ya uji. Ikiwa kidogo, basi nilimwonea wivu mtu anayelipwa kidogo kulea mtoto wangu. Nikachukua ndoo zake nikampelekea hadi mlangoni, nikaaga.

Niliporudi nyumbani niliomba mkutano, nikasema kweli. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikatozwa dume, sina, nikatengwa mimi. Mbuzi wa mama hakurudi, alikwishaliwa siku nyingi. Kijiji kilituma watu wilayani wakamwombe mwalimu arudi. Wakaambiwa amekataa, na mimi namwelewa.

Sasa niko Bariadi, napakia pamba. Ukiniuliza kama walimu wanalipwa inavyostahili, nitakwambia sijui kiasi, na mtu wa kuulizwa hilo si mimi. Ninachojua ni kwamba hata mngenipa mshahara ule, nisingerudi darasani kwa siku ya pili.

Wewe uliyekaa kijiweni unahesabu nyama aliyonunua mwalimu, nisikilize. Kabla hujamtania mbele za watu, nenda kakae na watoto wake asubuhi moja tu. Na ukiulizwa ulichokiona, sema ulichokiona, hata kama moyo unakuwasha kwa wivu! Mimi sikusema, na aliyelipa si mwalimu peke yake.

Jumapili huwa nampigia Minza kwa simu ya bibi yake. Wiki iliyopita nilimwambia, kwa makusudi kabisa, kwamba nimeona jua linavyoizunguka dunia. Nikangoja anisahihishe.

"Sawa, baba," akasema.