Kupe na Tiki

Kabla hamjavaa helmeti na kuanza kushindana nani ana baiskeli nzuri, nimepewa dakika chache niwaambie kilichonipata. Sitawapambia. Mimi ni Mama Pendo, nakaa Walthamstow, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Na huu uso mnaouangalia kwa kuibia, uangalieni tu vizuri. Jicho la kushoto halifungi lote, na mdomo wa upande huo unachelewa. Zamani ulikuwa uso mzima.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Baiskeli niliijua kabla ya viatu, nikipeleka maziwa ya baba sokoni, madumu mawili nyuma na miguu haifiki vizuri kwenye pedali. Nilipokuja London nikaiacha. Ilikuwa basi na treni miaka yote, mpaka presha ilipoanza kupanda ndipo nikajiunga na kundi hili. Jumamosi tunapanda treni na baiskeli zetu, tunashuka Essex, tunazunguka vijijini. Njia nyembamba, miti imejipanga kushoto na kulia, ngano, kanisa dogo la mawe, farasi aliyevalishwa koti. Mzee anamwagilia maua yake anakusalimia kama mnafahamiana. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nije nchi hii. Nalisema hili msije mkadhani naichukia baiskeli.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua, mwezi wa sita. Asubuhi tulijaza fomu kama mlizojaza ninyi leo: una presha, weka tiki, una kisukari, weka tiki. Mchana tukapumzika kando ya msitu, nikakunja suruali mpaka magotini, nikajilaza kwenye majani marefu na chapati yangu mkononi. Jioni tukiwa stesheni, kiongozi wetu wa wakati ule, mama wa Kiingereza jina lake Linda, akatupigia kelele: "Ladies, don't forget to check for ticks."

Mimi tiki ninayoijua ni ile ya mwalimu na ya fomu. Nikamjibu kwa kujiamini, "Yes Linda, I checked. All of them." Akacheka, nami nikacheka. Kumbe kila mtu alikuwa anacheka lake.

Siku ya tatu yake, nikioga nyumbani, nikamkuta kupe nyuma ya goti. Amenona kama kunde iliyolowekwa. Je, nilishtuka? Mtoto wa mfugaji nishtuke kwa kupe? Nimewatoa kwenye viwele na masikio ya ng'ombe tangu sijaota meno ya ukubwani. Nikamvuta kwa kucha, nikamsaga kwenye ukingo wa bafu, nikafungulia maji. Najua kupe anaua ng'ombe, baba alipoteza wengi kwa ndigana. Lakini nilimwona kama mtu wa kwetu aliyepotea njia, nikashangaa tu viza alipata wapi. Sikumwambia mtu.

Baada ya wiki mbili hivi nikaanza kuchoka. Siyo kuchoka kwa kazi, huko nakujua. Hii ilikuwa kuchoka kwa mtu aliyetolewa mifupa. Shingo ikakakamaa, homa ikaja na kuondoka, viungo vikauma kwa zamu. Nyuma ya goti pakatokea doa jeusijeusi kama mtu aliyejigonga, lina joto, na kila siku linatanuka. Haliwashi. Lilipofika ukubwa wa sahani ya chai nikaenda kwa GP, daktari wetu wa mtaa.

Nilimchukua Pendo, binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na sita. Kiingereza changu ni cha kazini: chai, dawa, kuoga, umelalaje. Siku hiyo homa ilikuwa imekifukuza hata hicho.

"Mwambie nilijitoa kupe," nikasema.

Pendo akanitazama. "Mum, what's kupe?"

"Mdudu. Anang'ang'ania mwilini, ananyonya damu."

Akamgeukia daktari akamwambia mama ameumwa na mdudu anayenyonya damu. Neno ng'ombe sikulisema. Neno msitu sikulisema. Daktari akauliza doa ni jekundu, lina duara jekundu? Pendo akanitafsiria. Nikasema, mimi wekundu nautoa wapi? Pendo akamwambia hapana. Basi daktari akashusha sauti, kama anayetaka kunisitiri, akauliza vitanda vyetu vikoje.

Nikatoka pale na tyubu ya krimu na karatasi ya maelekezo ya kuua kunguni.

Mnajua aibu? Aibu ni wanaume wawili waliovaa mifuko miguuni wakipandisha pampu ya dawa ngazi mpaka ghorofa ya tatu, majirani wako milangoni. Tulichemsha mashuka. Tulitupa godoro zima lisilo na kosa. Wamama wa kanisani waliokuja kuniona mgonjwa walisimama, wakasema hawakai, wana haraka. Mmoja alishika mkoba wake kifuani muda wote. Wapo humu ndani, na wanajua ninawasema wao.

Wiki ya tatu ya ugonjwa nilikuwa namnywesha chai bibi mmoja ninayemtunza, na yangu nikaiweka mdomoni. Ikamwagika kifuani. Nikadhani nimekosea mdomo. Nikajaribu tena, ikamwagika. Yule bibi, mwenye kusahau hata jina la mwanawe, akaniambia, "Dear, your face has fallen." Nikaenda kwenye kioo cha bafuni kwake. Upande wa kushoto ulikuwa umeteremka kabisa. Nikalia, na jicho moja tu ndilo lililoweza kujifunga.

Hospitali wakasema siyo kiharusi, ni mshipa wa uso tu, utarudi wenyewe. Wakaniandikia dawa ya matone, wakanipa na plasta ya kubandikia jicho nikilala. Nyumbani nikammalizia hasira Pendo. Nilimwambia maneno ambayo mama hasemi. Nilimwambia nimezaa mtoto asiyejua lugha ya mama yake, sasa ona.

Akanijibu taratibu, bila ukorofi. "You never taught me."

Ni kweli. Alipokuwa mdogo niliogopa atabaki nyuma darasani. Nikampa Kiswahili cha kumwamuru tu: njoo, kula, oga, lala, nyamaza. Hata ng'ombe wa baba walisemeshwa zaidi ya hapo.

Kesho yake nikaenda kuchukua yale matone kwenye duka la dawa karibu na soko. Mwenye duka ni Mhindi mzaliwa wa Mwanza, tunamwita Bwana Karim, mtu mkavu asiyependa stori. Siku zote tunasemezana Kiswahili. Akaniangalia usoni akauliza imeanzaje. Nikamweleza kwa uchovu, homa, doa, kunguni.

"Kunguni gani hiyo inatia homa?" akasema. "Wewe mwenyewe iliona mdudu?"

"Nilimwona. Alikuwa kupe."

Akaweka kalamu chini. "Kupe? Kupe ya ng'ombe? Wapi?"

"Essex. Tulikwenda na baiskeli."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilisema," nikamwambia. "Nilisema siku ya kwanza."

Akachukua karatasi akaandika kupe kwa Kiingereza, neno moja kwa herufi kubwa, TICK, na chini yake mstari wa maelezo, akaniambia nirudi hospitali sasa hivi, niionyeshe kabla ya kufungua mdomo. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Nikamkumbuka Linda pale stesheni, na jinsi nilivyomjibu.

Damu ikapimwa. Ugonjwa wanauita Lyme. Wakanipa antibayotiki za wiki tatu, zinazochafua tumbo na kukukataza jua. Homa iliondoka, shingo ikalegea, uso ukarudi mpaka hapa ulipo ukagoma. Daktari aliyenitibu alisema ningewahi, huenda ungerudi wote. Alilisema kwa upole. Upole wake haujanisaidia kitu.

Namshukuru Mungu, na namshukuru Bwana Karim, ambaye nilipompelekea maandazi alisema ana kisukari. Nimepona. Sijasema nimesamehe, msiniwekee maneno mdomoni. Lakini kati ya wote ninaowalaumu, wa kwanza ni mimi.

Basi sikilizeni. Majani marefu, soksi juu ya suruali. Ukimkuta kupe, mtoe kwa kibano toka karibu na ngozi, usimminye. Doa kwenye ngozi yetu si lazima liwe jekundu, mwambieni daktari hivyo hata akikunja uso. Na wenye watoto, wafundisheni majina ya vitu, hata vile vinavyowachukiza.

Pendo sasa yuko chuo, lakini nikitoka baiskeli Jumamosi ananisubiri kwangu. Ananiamuru nigeuke, anakunja suruali yangu, anachungulia nyuma ya magoti kwa tochi ya simu, halafu ananiambia, kwa Kiswahili, na hakuna aliyemlazimisha, "Kupe hakuna, Mama." Mimi hapo hucheka, kwa upande uliobaki.