Nilimsamehe

Miaka ile ya vita vya shifta nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Garissa, kijana wa pwani mwenye sare nyeupe na kiburi kingi. Siku moja askari walituletea mchunga mifugo aliyepigwa risasi ya tumbo upande wa Ijara. Wao walisema ni shifta, mmoja wa waasi. Yeye alisema alikuwa akitafuta ngamia wake. Daktari alimfunua, akamfunika. "Huyu haponi. Mchome sindano ya mofini kila anapoumia, afe bila mateso," akaniambia, kisha akapanda lori la kwenda Wajir.

Nilikuwa nimeshavuta dawa kwenye bomba la sindano inspekta alipoingia. Alitaka kujua bunduki zimefichwa wapi. "Asilale mpaka aseme."

Mama wa mgonjwa naye alinishika mkono, kwa sababu zake, na kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Usimbe sindano, walaal, ndugu yangu. Dawa hii nalewesha. Takufa aje bila shahada?"

Nilifurahi, nakiri. Inspekta nilimwogopa, na sasa nimepata kisingizio cha dini. Mimi Mwislamu; nani angenilaumu? Nikaliweka bomba kwenye sinia, mahali mgonjwa alipoweza kuliona.

Aliniomba kwa Kiswahili, akaniomba kwa Kisomali, mwisho adabu ikamwishia. Aliniita mbwa, mwana wa mbwa, kibaraka wa serikali. Aliitafuna shuka mpaka ikatoboka. Inspekta akarudia swali lake lile lile, mama akamsomea shahada sikioni, naye asiwajibu. Kila mtu alikuwa na haja na ulimi wake. Yeye alitaka kulala tu.

Adhuhuri mama alisimama, machozi yamemkauka. "Basi," akasema. "Allah najua iko nini kwa roho yake. Mbe sindano, mwanangu, alale."

Nikamtazama inspekta. Akatikisa kichwa. Mwenye nguvu mpishe, nikampisha. Nikajitia kukunja bandeji. Mama aliniita mara ya pili, kisha ya tatu, na mimi nikazidi kukunja bandeji ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa tangu asubuhi. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kujiita.

Mgonjwa alikufa alasiri, macho wazi, hakutamka shahada wala hakutaja bunduki. Inspekta alivaa kofia akaenda kunywa chai.

Jamaa zake walipokuja kuchukua maiti, mama alipita kwa kila mtu wodini, kama ilivyo desturi, akimwombea marehemu radhi kwa wote aliowakosea. Alimwomba mfagiaji, akawaomba wagonjwa waliosumbuliwa na kelele zake. Mwisho akafika kwangu, akainamisha kichwa.

"Alikutukana, mwanangu. Ilikuwa uchungu. Msamehe, asiende nayo kaburini."

Wodi nzima ilikuwa ikinisikiliza. Nikasema nimemsamehe.