Nyongeza ya Pamba na Mbuzi wa Mama Mkwe

Mwaka ule bei ya pamba ilianguka, na Leta, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji, ikatangaza kwamba kila mkulima wa upande wetu wa Kasongo atapewa nyongeza. Wengi hawakuamini. Kulimishwa pamba kwa nguvu tulikuzoea. Kuongezewa pesa, hapana. Mimi niliamini siku ileile, kwa sababu nilikuwa na shida yangu.

Nilikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa saba, na nilitaka mama awe nyumbani kwangu siku ya kujifungua. Haikuwezekana. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso mpaka mkwe atoe mbuzi wa kumaliza haya, na mume wangu hakuwa na mbuzi. Kwa miaka miwili mama alikuwa akiniwekea mihogo kando ya njia, anakohoa ili nisikie, anaondoka. Nilikichoka kikohozi kile.

Si kwamba hawakupendana. Mama alikuwa mjane, na mume wangu alichagua shamba lililopakana na lake ili ampalilie alfajiri, kabla hajafika. Wema huo ndio uliotuponza. Karani wa pamba aliandika majina kwa kufuata mashamba.

Siku ya malipo mama aliitwa mezani. Jina lililofuata lilikuwa la mume wangu, naye alikuwa ametoweka.

“Huyu mutu iko wapi?” karani akauliza. “Kama hayiko, ninafuta jina yake.”

Nilipiga kelele bila aibu. “Iko! Iko nyuma ya hangari ya kuwekea pamba!”

“Anafanya nini kule?”

“Mama mukwe yake iko hapa mbele yako. Hawezi kumuona!”

Karani alikuwa mgeni kutoka mbali, na hakuelewa kitu. Akamtuma askari, na askari akarudi akimvuta mume wangu kwa mkono, pamba imemjaa kichwani. Mama alipomwona alijifunika nguo yake ya kikwembe usoni, akachuchumaa, akageuka. Lakini kidole gumba alikiacha juu ya meza, tayari kwa wino. Mama yangu hakuwa mjinga.

Ndipo wanawake wakainuka na mkeka, wakausimamisha katikati ya meza. Karani akawa anachungulia huku na huku, anapokea kidole upande huu, anapokea kidole upande ule, anahesabu noti na kunung'unika. Watu wazima walikaa chini kwa kucheka. Mimi nilicheka nimeshika tumbo kwa mikono miwili, nikiogopa kuzaa palepale.

Mume wangu hakutaka hata kunywa maji. Alinunua mbuzi jioni ileile, akamtuma ndugu yake ampeleke kwa mama.

Kesho yake nilikuwa jikoni napika sombe, majani ya mihogo, niliposikia hatua za mama uani. Hakukohoa. Mume wangu alisimama mlangoni, akanyoosha shati lake, akasema kwa sauti ndogo, “Karibu mama. Ingia.”

“Asante, baba,” mama akajibu, na akaingia.

Nilikaa chini, nikalia kwa furaha mpaka sombe ikaungua. Tuliila hivyo hivyo, sisi watatu, sahani moja, na mama akaomba aongezewe.