Nyumba Isiyovunjika Kioo

Tulinunua nyumba wakati watu wenye akili zao walikuwa wakiuza. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yameukalia mji wa Kisangani, kila moja likiliangalia lingine kwa jicho baya, na mimi, mke wa muuza sabuni na chumvi kutoka Butembo, nikaona huo ndio wakati wa kutafuta nyumba. Mume wangu aliniuliza kama nina homa. Nikamwambia nimechoka kuhamahama na watoto wanne kila mwenye nyumba anapotununia.

Nyumba yenyewe ilijengwa na Wabelgiji wa mwanzo, kwa matofali mekundu, hatua chache kutoka mtoni, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Sakafu ilikuwa ya vigae vyenye maua. Na juu ya milango na madirisha yote ya barza, ile veranda ya mbele, kulikuwa na vioo vya rangi, vyekundu, vya kijani na vya manjano, ishirini na viwili, bila ufa hata mmoja. Majirani wote walikuwa wamebandika mabati na maboksi. Nilivipenda vioo vile kupita kiasi.

Sasa, mji huu umeporwa mara ngapi, mbona vioo hivi vilipona? Swali hilo nilikuwa nalo mdomoni na nikalimeza. Niliogopa mwenye nyumba atabadili nia.

Mzee mwenye nyumba alikuwa karani wa reli aliyestaafu, mjane, anayehamia kwa binti yake ng'ambo ya mto, Lubunga. Alikuwa amemkataa mtu aliyetaka kuibomoa ajenge depo ya mizigo.

"Nauzisha na nyinyi juu mutaiacha vile iko," alituambia, akavinyooshea vioo kidole. "Mama, vitre moja musivunje."

"Hatutavunja, papa," nikasema, na rozari mkononi.

Siku ya kutukabidhi funguo alinishika kiwiko. "Kuya kwanza nikuonyeshe kule nyuma. Kuko kitu."

"Siku ingine, papa. Niko na haraka."

Na kweli nilikuwa na haraka, ya kuingiza magodoro kabla askari fulani hajaiona nyumba ikiwa tupu.

"Bon," akasema. "Lakini utaniuliza." Akashuka mtoni kutafuta pirogi ya kumvusha.

Nyuma nilikuta shimo lililojengewa matofali, limejaa mchanga safi. Nikaanza kutupa taka humo na kuzichoma. Jikoni, kwenye msumari, kulikuwa na kisu kifupi, butu, chenye bapa pana. Kilinifaa kwa kuparua bugali ulioganda kwenye sufuria.

Wiki ya tatu akaanza kuzunguka afande mmoja aliyekuwa akitafuta makao. Akiipenda nyumba yako, unapewa mpaka jioni uwe umetoka. Muuguzi wa nyumba ya tatu tulimwona akipita na godoro kichwani, halafu akapita tena na kuku. Siku iliyofuata gari la afande lilipunguza mwendo mbele yetu. Jua lilikuwa likipiga vioo, na barza yote ilikuwa na rangi za sikukuu. Alinyoosha kidole. Dereva wake akatupigia kelele kwamba bosi atarudi asubuhi kuangalia ndani.

Mume wangu akasema tuombe. Nikasema tuombe, ndiyo, lakini nyundo iko wapi?

Asubuhi niliwafungia watoto chumbani, nikapanda juu ya meza. Kioo cha kwanza nilikipiga nikiwa nimefumba macho. Cha tano nilikuwa nalia na kumtukana afande, mama yake na gari lake. Mume wangu alimwaga tope kwenye vigae na kuingiza kuku wa jirani. Nilivunja ishirini na kimoja. Kilibaki kile cha mlango mkubwa, chekundu, cha nusu duara, ambacho mkono wangu haukukifikia, na gari likaja.

Afande alitembea barzani huku vipande vya vioo vikilia chini ya buti zake. Alitazama tope, kuku, matundu. "Hii nyumba imeharibika," akasema, akaenda zake. Nyumba ikabaki yetu. Nilifurahi mpaka nilipokwenda kutafuta fagio.

Jumapili, baada ya misa, mzee alikuja na samaki wa kutusalimia. Nilimwona akisimama chini ya ngazi na kuhesabu matundu kwa macho. Nikamweleza yote mbiombio, bila kupumua. Nilingoja anilaani.

"Kile kisu iko wapi?" akauliza.

Nilikileta, kikiwa bado na bugali. Mzee alikifuta kwa suruali, akapanda kwenye meza ileile, akakipitisha polepole ukingoni mwa kioo chekundu. Mastiki ya zamani iliyokishikilia ikatoka vipande vipande. Akang'oa misumari minne midogo. Kioo kikaja mikononi mwake, kizima.

"Wakati ya uasi, nilitosha vitre yote namuna hii," akasema kutoka juu. "Wakati ya kupora, nilitosha yote. Nafunga na magunia, nazika mu muchanga kule nyuma. Watu wanakuta nyumba mbovu, wanapita. Vita ikiisha, narudisha." Kisha akatazama nyuma, ambako moshi wa taka zangu ulikuwa ukipanda. "Mama, nilikuambia utaniuliza."

Mume wangu alikwisha kuchukua koleo, akaenda kuondoa majivu shimoni bila kunitazama.

"Shika," mzee akasema, akaniteremshia kioo.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikakikumbatia kifuani, nikaanza kwenda: kutoka mlangoni mpaka shimoni ni hatua thelathini.